Maswali ya Wasomaji: Mbio za Pori, Kutoka Kasulu Hadi Ziwani

Barua zote za toleo hili zimetoka mikoa ya Kigoma na Tabora, na zote zinauliza juu ya mbio za pori: timu moja, ramani na dira mkononi, sehemu kwa miguu, sehemu kwa baiskeli, sehemu kwa kafi, na saa haisimami hata mkilala. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha, na salamu tumezifupisha.

Shikamooni. Sisi ni vijana wa Kasulu, tuliandaa mbio za majaribio za saa nane. Nilipita mwenyewe kuweka vituo nikachukua namba zake za GPS kwa simu, kisha tukazichora kwenye ramani ya 1:50,000. Timu tatu kati ya tano hazikukiona kituo cha pili wala cha nne, na mpaka leo wanasema niliwadanganya. Kosa liko wapi?
*Mwandaaji, Kasulu*

Marahaba. Hukuwadanganya. Simu na ramani yako hazianzi kuhesabu kutoka mahali pamoja. Karatasi za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya kipimo kinachoitwa Arc 1960, na ukisoma maandishi madogo ya pembeni utakikuta. Simu inatoa namba za WGS84. Kwa upande wenu wa nchi, sehemu ileile ikisomwa kwa WGS84 namba yake ya kaskazini hupungua karibu mita 300, na ya mashariki huongezeka kama mita 75. Ukizihamisha namba za simu kwenye karatasi bila kuzibadilisha, kila kituo kinashuka kusini milimita 6 na kusogea mashariki milimita moja na nusu. Penye tambarare timu itakizungukazunguka na kukiona. Kwenye vilima vya Kasulu, mita 300 ni bonde jingine kabisa.

Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya programu ya ramani, kuchagua Arc 1960 na namba za UTM (zile za mita za mashariki na kaskazini), halafu kupima kabla ya kuamini. Simama penye kitu kisichohama kilichochorwa kwenye karatasi, kama daraja au makutano ya mito miwili, na usome namba. Zikiachana na karatasi kwa zaidi ya mita 50, bado kuna kitu hakijakaa sawa. Programu isiyo na Arc 1960 inaweza kutumika, ila uongeze mita 300 kaskazini na kupunguza 75 mashariki kwa mkono, na kipimo cha darajani ni lazima.

Kwenu Kasulu kuna mtego wa pili. Longitudo ya 30 mashariki inapita kati ya Kigoma mjini na Kasulu, nayo ndiyo mpaka wa kanda za UTM namba 35 na 36. Ukitoka Kigoma kuja kwenu, namba ya mashariki inapanda hadi karibu 833,000, kisha ghafla inakuwa kama 167,000. Kifaa hakijaharibika, umevuka kanda tu. Orodha ya vituo isiyoandika kanda ya kila kituo itampeleka mtu asikokujua.

Jambo la mwisho kwenu waandaaji: aliyeweka vituo asiwe ndiye anayevihakiki. Mpeni mtu mwingine karatasi na dira, bila simu, avitafute siku mbili kabla. Na msiweke kituo kinachotegemea njia ya miguu iliyo kwenye ramani. Karatasi nyingi zilichorwa kabla ya watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, kwa hiyo njia zimekufa na nyingine zimezaliwa. Vilele, mabega ya milima na vijito bado viko palepale. Kituo kiwe hapo.

Nimenunua dira nzuri kwa mtu aliyetoka Ulaya. Hapa Kigoma sindano inakwamakwama na nikiilaza inagusa kioo. Ni mbovu?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

Si mbovu, imetengenezwa kwa kaskazini ya dunia. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti sindano kwenda kaskazini tu, inaivuta pia kuinama. Kule Ulaya ncha ya kaskazini ndiyo inayoinamia chini, kwa hiyo kiwandani huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili ilale sawa. Kwetu ncha ya kusini ndiyo inayoinama, na ule uzito unazidi kuikandamiza. Tafuta dira iliyosawazishwa kwa kusini, au ile ya sindano inayokubali dunia nzima. Kwa sasa unaweza kuiinamisha kidogo upande mmoja mpaka sindano iachie, ila ukikimbia usiku utachoka nayo. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya ramani huko kwenu ni chini ya digrii mbili, haifai kukuumiza kichwa.

Timu yetu ya Ujiji inajiandaa kwa mbio zenye kilomita 30 za ziwani kwa mitumbwi, mwezi wa saba. Wazee wanatuambia tutakufa. Tuondoke saa ngapi, na tujiandae vipi?
*Nahodha wa timu, Ujiji*

Wazee hao wasikilizeni, hasa kama ni wavuvi. Mwezi wa saba ni msimu wa kusi. Ziwa Tanganyika ni jembamba lakini lina urefu unaozidi kilomita 650, na upepo wa kusini unalifuata kwa urefu wake. Wimbi linaloanzia mbali hivyo linafika Kigoma likiwa limeshakua. Mchana unapopanda, upepo unazidi. Usiku na alfajiri hewa baridi hushuka kutoka vilimani kuelekea ziwani, na maji ya karibu na ufuko huwa matulivu zaidi.

Basi hesabuni kurudi nyuma. Watu wawili kwenye mtumbwi wa kawaida wanakwenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa maji yakiwa matulivu. Kilomita 30 ni saa sita hadi saba na nusu, bila kusimama. Mkiondoka saa kumi na moja alfajiri mtafika kati ya saa tano na saa sita na nusu mchana, kwa hiyo saa mbili za mwisho ndizo zitakazokuwa ngumu. Waandaaji wakiweka mwanzo saa tatu asubuhi, waulizeni sababu. Swali hilo si la uoga. Mnauliza boti za uokoaji ni ngapi na zimekaa wapi.

Kuhusu njia: msikumbatie ufuko. Penye miamba wimbi linagonga na kurudi, likikutana na jingine maji yanachemka pande zote na mtumbwi haujui uelekee wapi. Piteni mbali na ncha za miamba, na mkae karibu zaidi mbele ya fukwe za mchanga, ambako mnaweza kutoka. Njia yenu ikipita mdomo wa Malagarasi upande wa Ilagala, pale kuna viboko na mamba. Piteni mbali na ufuko, msiteremke jioni.

Wimbi likija upande wa mbavu, msiendelee kushindana nalo. Geuzeni omo (mbele ya mtumbwi) ulikabili kwa pembe, mwende hatua kwa hatua kama mtu anayepanda mlima kwa kona, kisha mrudi kuelekea ufukoni likiwa nyuma kidogo ya bega. Wengi hupinduka wakigeuza, kwa sababu wote wawili wanapiga kafi upande mmoja na kuegemea hukohuko. Wa tezi (nyuma) ageuze, wa omo aendelee kuvuta taratibu upande wa pili.

Vitu vya lazima ndani ya mtumbwi: jaketi la kuokolea maisha limefungwa mwilini tangu mwanzo (sio limekaliwa kama mto), upo mbili (vyombo vya kukombea maji) zilizofungwa kwa kamba, kafi moja ya akiba, filimbi shingoni, na nguo kavu ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza. Ndoo hiyo ifungeni kwenye ubao. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji bado unaelea, kwa hiyo mkipinduka mshikilie wote, msimwache mtu aogelee kutafuta pwani. Jizoezeni kupinduka na kupanda tena penye maji ya kifuani, mara tano, kabla ya siku yenyewe. Zoezi hilo linakera na kila timu inaliruka.

Upigaji wenyewe: kafi iingie mbele karibu na kidole gumba cha mguu, itoke inapofika nyonga. Kuendelea kuvuta nyuma ya nyonga ni kuinua maji tu. Badilisheni upande kila mapigo 10 hadi 12, wa nyuma ndiye anayetoa sauti. Nguvu itoke kiunoni na mgongoni, mikono ni ndoano.

Na kama mtapita usiku wa giza, taa mtakazoziona ni za wavuvi wa dagaa. Msizitumie kama alama ya njia, zinahama. Zizungukeni kwa mbali, chini yake kuna nyavu.

Hivi ni kweli mtu akiingia ziwani au mtoni kwenye mbio anapata kichocho? Na mbona wengine wanataja homa ya mgunda?
*Msomaji, Uvinza*

Kichocho kipo Tanganyika, hasa kwenye kingo zenye majani na maji yaliyotulia, wanakokaa konokono. Vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Katikati ya ziwa, penye kina, hatari ni ndogo. Mnapoanza na kumalizia kafi, chagueni mchanga mtupu badala ya matete, na msisimame majini mkipanga mizigo. Aliyeingia maji hayo amwone mganga wiki sita hadi nane baadaye kwa vipimo na dawa ya prazikwanteli, inayopimwa kwa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili: mwenye kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600. Wanaoimeza siku mbili tu baada ya mbio wanapoteza dawa, kwa sababu haiui minyoo ikiwa bado michanga.

Homa ya mgunda ni jambo jingine. Inatokana na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, ndani ya maji na tope, na inaingia kupitia michubuko. Mwaka 2022 ilizuka Ruangwa mkoani Lindi. Kwenye mchezo huu ina historia yake: mwaka 2000, mbio za Eco-Challenge zilifanyika Sabah, Malaysia, na baada ya kurudi makwao wanariadha wengi waliugua. Wachunguzi wa Marekani walipowahoji washiriki 189, wapatao 80 walikuwa na dalili, na kuogelea Mto Segama ndiko kulikoonekana kuwa chanzo. Walioumwa walisambaa nchi nyingi, madaktari wao hawakujua walikotoka. Kwa hiyo ukipata homa kali, maumivu ya misuli ya miguu na macho mekundu ndani ya wiki nne baada ya mbio, mwambie daktari kwamba ulipita kwenye maji na tope. Usikubali kupimwa malaria peke yake. Michubuko izibeni kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kuingia mtoni.

Habari za kazi. Kwenye timu yetu mmoja ana baiskeli na miguu ya chuma, mwingine anachoka mapema. Tumesikia wenzetu wanavutana kwa mpira. Inafanyikaje bila kununua vitu vya nje?
*Timu ya watu wawili, Tabora*

Vifaa mnavyo tayari, ni ile mipira ya tyubu mnayofungia magunia kwenye keria. Chukueni tyubu ya baiskeli ya 28 isiyo na viraka, kata sehemu ya valvu, pasua kwa urefu mpate utepe wa upana wa sentimita 2. Ukiwa umelegea, uwe na urefu wa mita 1.2 hadi 1.5. Sambamba nao pitisheni kamba nyembamba ya nailoni ya mita 2.5 iliyofungwa ncha zote mbili: hiyo ndiyo breki ya mpira. Bila kamba, mpira utavutika mpaka ukatike na kumchapa wa nyuma usoni.

Ncha moja ifungwe kwenye vyuma vya chini ya siti ya anayevuta, katikati, sio kwenye keria upande mmoja. Ncha ya nyuma ni kitanzi kipana kinachotupiwa juu ya shingo ya usukani wa anayevutwa. Kisifungwe fundo. Mkikifunga kwenye mkono wa usukani, baiskeli ya nyuma itavutwa pembeni kila mnapokanyaga. Raba na raba haziumani kwa fundo la kawaida, kwa hiyo kunja ncha mara mbili na uizungushie utepe mwembamba wa tyubu mara nane, ukivuta kila mzunguko.

Mambo matatu huharibika. Mpira mrefu ukilegea unaingia kwenye gurudumu la mbele la anayevutwa. Mpira mfupi unafanya matairi yagusane. Na kwenye mteremko watu wanasahau kuuvua: kilele kikionekana, wa nyuma atoe kitanzi na kupiga kelele kabla wa mbele hajaacha kukanyaga. Kwa miguu ni rahisi zaidi, kutoka mkanda wa kiuno hadi mkanda wa kiuno, kamwe sio mabegani.

Ugumu uliobaki ni fahari. Anayehitaji kuvutwa hukataa mpaka miguu imeshakufa, na hapo mpira haumsaidii tena. Anzeni kuvutana angali anaweza kuongea sentensi nzima. Hata timu bora duniani zinavutana, na waandaaji wengi wanaruhusu. Someni kanuni tu.

Vyakula vya wanariadha vya kwenye pakiti ni ghali. Tabora tunaweza kula nini njiani?
*Msomaji, Ipuli, Tabora*

Hapo Tabora mna bahati. Mwili unaofanya kazi mfululizo unahitaji takriban gramu 60 za wanga au sukari kwa saa. Vijiko vitatu vikubwa vya asali vinatoa kama 50. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) ni bora zaidi kwa safari ndefu, mepesi, hayaharibiki, na sehemu kubwa ya uzito wake ni wanga: kiganja kimoja kilichojaa kila nusu saa. Ila tafuneni na maji, makavu yanakwama kooni. Karanga wekeni za usiku na sehemu za mwendo wa polepole. Mafuta yake yanachelewa tumboni, na mtu akizila kabla ya mlima anazirudisha. Baada ya saa sita za vitu vitamu ulimi unakataa kila kitu, hapo ndipo dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakavu na chumvi wanapoonekana dhahabu.

Maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, ya Uvinza au yoyote. Kunywa kiasi cha nusu lita kwa saa, joto likizidi ongeza kidogo. Anayekunywa maji matupu lita moja na nusu kila saa kwa hofu ya jua anajiweka pabaya: vidole vinavimba, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa. Huyo hana kiu, ana maji mengi kuliko chumvi. Msimwongezee maji. Aache kunywa, mmpeleke kwa mganga.

Nguo za bluu za timu yetu zinavutia mbung'o, au ni imani tu?
*Msomaji, Urambo*

Ni kweli. Mbung'o hufuata bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwenye miombo vaeni kaki, kitambaa kizito, maana chembamba wanakitoboa.

Kwenye mbio za saa 24 tulikuwa na kasi kuliko wenzetu, mbio na baiskeli zote. Tukamaliza wa sita. Tulipoangalia karatasi ya saa, kila kituo cha kubadilishia (kutoka miguu kwenda baiskeli au kafi) tulikaa kati ya dakika 30 na 45. Hivyo ndivyo inavyokuwa?
*Msomaji, Kigoma mjini*

Hapana, na asante kwa kuwa mkweli. Vituo sita kwa dakika 35 ni saa tatu na nusu. Hakuna mazoezi ya kukimbia yatakayowapa saa tatu na nusu kwa msimu mmoja, lakini kituoni mnaweza kuzipata wiki ijayo.

Kazi ya kituo inaanza kilomita moja kabla ya kufika. Nahodha anauliza: nani ana njaa, nani ana lengelenge, nini kimevunjika. Mkifika, msoma ramani hagusi baiskeli ya mtu, anakaa na karatasi ya sehemu inayofuata. Wa pili anajaza maji ya wote. Wa tatu anakagua cheni, breki na upepo wa matairi. Wa nne anagawa chakula. Kila mtu awe na mfuko wake wa rangi yake, na vitu vipangwe kwa mpangilio wa kuvitumia: soksi juu, viatu chini yake, taa mfukoni. Dakika 12 zinatosha, 20 kama kuna miguu ya kutibu. Lengelenge litobolewe pembeni kwa sindano iliyochomwa moto, sehemu mbili, ngozi ya juu iachwe, kisha plasta ya kitambaa ya kunata ibandikwe bila kukunjamana.

Usingizi nao uingie kwenye hesabu hii. Saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri ndipo watu wanapopotea, maana akili inasoma bonde la kushoto kama la kulia. Kulala dakika 20 kwa makusudi, saa imewekwa, ni bora kuliko kusimama dakika 40 mkibishana juu ya ramani.

Mwenzetu alijeruhiwa goti katikati ya mbio, tukaendelea watatu, tukafika kabla ya timu nyingine mbili. Matokeo yakatuweka chini yao. Haki iko wapi?
*Msomaji, Kibirizi*

Kanuni iko wazi kwenye mbio nyingi za aina hii: timu ndiyo inayoshindana, na isiyokamilika inaruhusiwa kuendelea lakini haipewi nafasi mbele ya iliyokamilika. Ndiyo maana pia wanataka mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na watu wasiachane zaidi ya mita kadhaa, mara nyingi 50 au 100. Tangu mbio za Raid Gauloises za kwanza kule New Zealand mwaka 1989 wazo ni hilohilo. Eco-Challenge ya Fiji mwaka 2019 ilikuwa na timu 66 na kilomita 671, na timu ya New Zealand iliyoongozwa na Nathan Fa'avae ilishinda ikiwa kamili.

Mwaka 2023 ubingwa wa dunia ulifika Afrika, kwenye jimbo la Eastern Cape huko Afrika Kusini, na tangu hapo tunapata barua za watu wanaotaka mbio za siku tano Kigoma. Maoni yetu ni kwamba bado. Anzeni na saa 12, watu wawili wawili, njia isiyoingia Gombe wala Mahale (sokwe wanaambukizwa mafua yetu, na hifadhi si uwanja wa mbio), boti mbili za injini ziwani, na mtu mwenye redio penye kila bonde lisiloshika mtandao. Kuhusu goti: mngemkagua alipoanza kuchechemea, badala ya aliposhindwa kukanyaga, huenda mngefika wanne.